Kundi la Matambara

16 Januari

Mdogo wangu,

Furushi limefika, limefungwa kamba kana kwamba ndani kuna mbuzi. Tumetoa mashati kumi na moja, shuka mbili na lile koti ulilolivaa mpaka likakata tamaa. Kundi la Matambara linakushukuru kwa kauli moja. Mpiga kengele alinyakua shati la bluu kabla sijamaliza kukunjua mengine, akasema shati kama lile kuligeuza tambara ni dhambi, na yeye hataki tutende dhambi ndani ya kanisa. Nikamwambia ni lako. Akajibu ndiyo maana linambana mabegani.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe husema "sawa dada" kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Leo nataka usome mpaka mwisho.

Jumanne alikuja mkaguzi wa majengo. Mtu mpole, viatu safi, ana kipimo cha kila kitu. Alizunguka kanisa lote akiandika, akasifu paa, akasifu madirisha, akasema majengo ya umri huu ameyaona mengi lakini mengi ni magofu. Akauliza ni kampuni gani inalitunza. Mwalimu mstaafu, katibu wetu, akamwambia ni sisi, watu tisa na ndoo sita, kila Jumamosi asubuhi. Akatuvulia kofia kweli kweli. Nilishamwahidi chai akimaliza. Halafu akafika ukuta wa kaskazini, akaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Akagonga juu, akagonga pembeni. Akaacha kuandika.

Anasema lipu imeachana na mawe, maji yamejaa ndani na ukuta umeanza kutoka tumbo. Mimi nimepapasa matumbo ya wanawake miaka thelathini na moja, nikaweka mkono pale: mimba ya miezi saba, na mtoto amekaa vibaya. Ametupa mpaka mwisho wa Mei. Asipokuta ukuta umetengenezwa ataweka kufuli mlangoni, na jengo la namna hii likishafungwa, anasema, mara nyingi huishia kubomolewa. Alisema kwa huzuni, simlaumu.

Wewe ndiye fundi wetu. Tuambie tufanye nini. Sisi hatujui imetokana na nini.

Dada yako,
Mkunga


29 Januari

Dada,

Nimesoma mpaka mwisho, tena mara mbili, nimekaa juu ya ndoo kwenye ghorofa ya nne ya jengo ambalo ngazi zake bado ni mbao. Mwambie mpiga kengele shati likimbana alirudishe, mwenyewe ningali nalipenda.

Nalishukuru kundi zima. Nikiwaambia wenzangu hapa kwamba kwetu kuna watu wazima wanaoamka Jumamosi kwenda kufuta mabenchi ya kanisa bila kulazimishwa na mtu, wanadhani natunga.

Kuhusu ukuta, msiogope kabla ya wakati. Ukuta unalowa kwa sababu nyingi. Mara nyingi ni mfereji wa paa kuvuja, au udongo wa nje umepanda ukazidi msingi. Angalieni hayo kwanza. Kisha bandueni kipande kidogo cha lipu, ukubwa wa sinia, kule chini, na uniandikie mawe yana rangi gani, kama kuna unga mweupe, na kama ile chokaa ya katikati ya mawe ni ngumu au laini. Usiandike "imeharibika". Andika unachoona, kama unavyojaza kadi ya mzazi.

Kuja mwenyewe sidhani kama nitaweza. Kazi zimenibana mpaka Juni.

Mdogo wako,
Fundi


11 Februari

Mdogo wangu,

Tumefanya ulivyosema, na hii ndiyo kadi.

Mfereji wa paa ni mzima. Tuliubadilisha mwaka juzi, mshona viatu akaziba maungio yake kwa gundi ya soli, na mpaka leo hauvuji hata tone. Udongo wa nje tumeuchimba siku mbili hadi tukauona msingi, hauna shida. Tukabandua sinia. Lipu ilitoka kipande kizima, ya kijivu, ngumu, unene wa vidole viwili. Nyuma yake mawe ni meusi kwa maji. Unga mweupe upo, nimeuonja, ni chumvi. Chokaa ya katikati ya mawe ni laini kama uji wa mgonjwa. Mshona viatu alichomeka kidole kikaingia hadi kwenye pete. Mwisho wa kadi.

Baada ya hapo tukakaa chumba cha nyuma kunywa chai. Mwalimu, ambaye unajua amehamia hapa juzi juzi tu na mambo ya zamani hayajui, akauliza ni nani aliyepiga lipu ile ya saruji, ili tumwandikie. Mdogo wangu, watu wanane walitazama vikombe vyao. Mshona viatu akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. Mpiga kengele akasema anakwenda kuitazama kamba yake, akaenda, ingawa kamba ile ameitazama kila siku tangu mimi nina meno yote. Nami nikasema zamani ile mambo yalikuwa mengi. Mwalimu si mjinga. Aliandika kitu kwenye daftari lake, halafu akakifuta.

Sikuulizi swali lolote. Nakwambia tu ninachowaambia wanawake wangu chumba cha kuzalia wanapobana miguu kwa haya: mficha uchi hazai.

Dada yako,
Mkunga


20 Februari

Dada,

Ni mimi. Nimechana karatasi tatu kabla ya hii, zote zilikuwa na habari za mifereji.

Mimi ndiye niliyepiga lipu ile. Wewe unajua, watu wa kundi wanajua, na mimi nilijua tangu barua yako ya kwanza, pale ulipoandika debe tupu. Nikawatuma mkachimbe udongo kwa kuwa nilitamani liwe kosa la udongo. Nisamehe kwanza kwa hilo, maana najua mgongo wako ulivyo.

Baba aliutunza ukuta ule kwa chokaa maisha yake yote. Aliponifundisha alisema mawe ya kale yanapumua. Yakinywa maji lazima yapate pa kuyatolea, na chokaa huyaachia, saruji huyaziba pumzi. Nilimsikia vizuri, Dada, siwezi kusema sikusikia. Alipofariki, wazee wa kanisa wakanipa mimi kazi ya ukuta ule, kazi yangu ya kwanza, nina miaka ishirini na miwili. Chokaa inataka kulala shimoni wiki tatu, nne, kabla hujaigusa. Mimi nilikuwa nimeitwa mjini, nafasi inanisubiri. Saruji inashika kesho yake na inapendeza macho. Nikajiambia baba alikuwa mtu wa zamani. Nilimaliza kwa siku tano, watu wakanipigia makofi, na kwa makofi hayo nimeishi miaka kumi na minne. Kila anayeniuliza nilianzia wapi ufundi namjibu kwa kifua mbele kwamba nilianzia kanisani.

Naomba uisome barua hii mbele ya kundi. Mwalimu aandike kwenye daftari kwamba ni mimi, na safari hii asifute. Wakisema nije, nitaacha kazi ya hapa nije niubandue wote kwa mikono yangu. Wakisema wamwite fundi mwingine, watakuwa na haki, wala sitanuna.

Kwa vyovyote vile, anzeni chokaa sasa. Chimbeni shimo refu kama kitanda nyuma ya nyumba ya mama, pale palipokuwa na shimo la baba. Tieni mawe ya chokaa, mwagieni maji kidogo kidogo mkiwa mmesimama mbali, maana itachemka na inaunguza. Ikitulia ifunikeni kwa maji muiache. Msikoroge, msichungulie. Chokaa haina haraka, mwenye haraka nilikuwa mimi.

Mama amekufa bila kujua. Hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kulishukuru katika habari hii.

Mdogo wako,
Fundi


3 Machi

Fundi,

Huyu ni mpiga kengele. Dada yako alitusomea barua yako, akafika pale pa mama akashindwa. Mwalimu akamalizia. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa, na wanajua mimi si mtu wa kuinamisha kichwa. Basi nikasema, na sasa wamenilazimisha niseme tena kwa maandishi. Sijaandika barua tangu nilipoposa, na ile haikujibiwa.

Kwamba lipu ni yako tulijua sote. La mama yako nililijua peke yangu.

Mama yako alijua. Aliishi na fundi chokaa miaka arobaini, hakuhitaji mkaguzi. Mvua ya kwanza baada ya wewe kuondoka, ukuta ulitoa jasho. Hakuna aliyeliona ila yeye. Jumamosi akaja kuniomba ufunguo, ana tambara na kile kigoda chake cha jikoni. Nilidhani ana nadhiri. Jumamosi iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Mwezi wa pili nikamfuata ndani, nikamkuta anafuta ukuta kuanzia chini mpaka mkono unapofika, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto mwenye homa. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema:

"Hili ni jasho la mwanangu. Wewe niache nimfute."

Nikamwambia basi tumwite arudi autengeneze. Akakataa. Akasema ndiyo kwanza ameshika kazi, akisikia leo atautupa mwiko na hataushika tena. Akishakuwa fundi kweli atajua mwenyewe na atasema mwenyewe, na mpaka siku hiyo mimi nifunge mdomo. Nikaapa. Nimekaa na kiapo hicho miaka kumi na mitatu, na wewe ulivyo mzito, nilishaanza kuamini nitazikwa nacho.

Sasa sikiliza. Niliona aibu kusimama na ufunguo mkononi huku mwanamke mwenye magoti mabovu anafanya kazi, nikatafuta tambara nami. Mshona viatu akapita, akaona watu wawili wanafuta, naye akaona haya, akaingia. Alipoingia akakuta benchi limelegea, akalikaza. Seremala akaleta ngazi ili tufike sehemu ya juu, na alipokuwa huko juu akaona kioo cha dirisha kimepasuka. Ndivyo ilivyokuwa, mmoja mmoja. Hatukuitisha mkutano. Kabla ya hapo tulikuwa tunakuja Jumapili, tunaketi, tunakwenda zetu, na popo wanajifanyia watakavyo. Unadhani tunaitwa Matambara kwa kufuta mabenchi? Paa hili zima na madirisha haya mazima vipo kwa sababu ukuta wako ulikuwa unatoka jasho. Kosa ni kosa, silisafishi. Lakini sikuwa na marafiki wanane kabla yake.

Siku tulipomzika mama yako, wewe uliketi hatua mbili kutoka ukuta ule. Tulikuwa tumeufuta kwa zamu tangu asubuhi ili usione kitu. Tuliufuta kwa mashati yako mwenyewe.

Basi njoo. Fundi mwingine hatumtaki. Shimo nimelichimba mimi, refu kama kitanda, chokaa imo ndani na maji yameifunika. Nimechungulia mara moja tu.

Mpiga kengele


10 Machi

Kwa Matambara wote,

Barua imenikuta kazini. Niliisoma nimekalia mfuko wa saruji, maana hapakuwa na kitu kingine cha kukalia, nikaona ni adhabu inayonifaa.

Siku ile sikuweza kuendelea. Nilimwendea msimamizi nikamwambia nimefiwa. Akaniuliza na nani, nikasema na mama. Akasema mbona mama yako alifariki miaka minne iliyopita, sisi wenyewe tulikuja kukupa pole. Nikamwambia ni kweli, lakini habari zake zimenifikia leo. Akanitazama sana, kisha akanipa ruhusa ya wiki tano.

Nitafika tarehe ishirini na nane. Nakuja na tindo, nyundo mbili na miiko miwili, mmoja ni wa baba. Asanteni. Nimelitafuta neno kubwa kuliko hilo nikalikosa.

Mpiga kengele asichungulie tena.

Fundi


4 Mei

Dada,

Nimefika salama. Mikono yangu imepasukapasuka kwa chokaa na sijui lini nimewahi kulala usingizi mzuri kama wa wiki hizi tano. Naamka nikisikia tindo zenu. Namkumbuka Mwalimu alivyojifunza kurusha lipu, akakosa ukuta, akampata mpiga kengele sikioni, na mzee yule badala ya kukasirika akasema sasa na yeye ameanza kupumua. Nakumbuka siku mawe yalipobaki wazi na mkayapepea kwa mifuniko ya masufuria, kama mnampepea mgonjwa. Niliwaambia mawe hukauka kwa siku, si kwa mifuniko. Hamkunisikiliza na nawashukuru kwa kutonisikiliza.

Sasa niseme linalonikosesha raha. Kile kipande. Sijazoea kuacha kazi na kidonda. Nilitaka kuibandua saruji yote, mpaka chembe ya mwisho, na unajua kilichotokea: mzee alikichukua kigoda cha mama, akakiweka pale chini ukutani, akakikalia, akasema nyuma ya mgongo wake hapaguswi. Nilimweleza kifundi. Nilimweleza kwa ukali. Akaniuliza kama nitamwondoa mtu kwenye kigoda cha mama yangu. Nikaondoka zangu nikaenda kukoroga chokaa, na nyote mkajifanya hamkuona nikilia.

Kipande chenyewe ni ukubwa wa sinia, hakitaumiza ukuta. Lakini mkaguzi hamjui mama, hajui kigoda. Akigonga pale akasikia debe, anaweza kuandika kwamba kazi haikukamilika, na kufuli likafungwa kwa ajili ya sinia moja. Nimemwachia mzee tindo ndogo. Akibadili mawazo, kazi yake ni ya nusu saa.

Niandikie siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Fundi


6 Juni

Mdogo wangu,

Nisamehe, uliomba siku hiyohiyo na mimi nimesubiri mvua. Utaona kwa nini.

Mkaguzi alikuja tarehe thelathini. Aligonga ukuta kuanzia mlangoni hadi madhabahuni, hatua kwa hatua, sikio karibu na kidole, na kila alipogonga ulilia jiwe. Kufuli alikuwa nalo mkobani, nililiona kwa macho yangu. Tulimfuata wote tisa kama ndugu wa mgonjwa wanavyomfuata daktari. Akafika kwenye kigoda. Akainama, akagonga, ukalia debe. Akauliza hiki nini.

Safari hii hakuna aliyetazama kikombe. Mwalimu alifungua daftari lake akamsomea yote, kuanzia kwa baba, na kwako, na kwa mama, na mimi nikasimama pale nikisikiliza habari za nyumba yetu zikisomwa kwa sauti ya darasani. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho. Akapiga magoti, na suruali yake safi, akapima kile kipande kwa futi, akaandika. Mwalimu alichungulia begani kwake. Aliandika vipimo, na mbele yake neno moja: kumbukumbu. Kisha akauliza kama ile chai niliyotaka kumpa Januari bado ipo. Kanisa letu liko wazi, mdogo wangu. Alikunywa vikombe vitatu.

Sasa nami nina la kukiri, usidhani mficha uchi ni wewe peke yako. Nilijua lipu ni yako. Nilijua ukuta unatoka jasho, maana mama alipofariki nilirithi kigoda chake nikaufuta miaka minne. Lakini siku zote za uhai wake nilidhani alikuwa akienda kule kusali, na nilikuwa nikimgombeza. Magoti yale, mvua ile. Nilimwambia Mungu anamsikia hata akiwa kitandani. Yeye alikuwa akicheka tu, anachukua kigoda chake anaondoka. Ningejua ningembebea. Nimelia sana kwa hilo, na nikimaliza kulia namshukuru, kisha nalia tena. Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine atakayeelewa namna mtu anavyoweza kufanya yote mawili kwa pamoja.

Mvua imenyesha wiki nzima, mvua yenyewe hasa, ya kuzuia watu majumbani. Leo ni Jumamosi. Asubuhi tulifika wote tisa tumelowa, kila mmoja na tambara lake mkononi kwa mazoea, tukasimama mbele ya ukuta wa kaskazini. Mkavu. Hatukujua mikono tuiweke wapi. Mshona viatu alipitisha kiganja tangu mwanzo hadi mwisho wa ukuta, akatuonyesha: mkono umekauka na una weupe wa chokaa tu. Mwalimu akajifuta macho akaisingizia chokaa hiyohiyo.

Halafu seremala akasema, tazameni. Pale juu ya kigoda, kwenye ile sinia, palikuwa na matone matatu.

Mpiga kengele akaketi. Alikuwa amevaa lile shati la bluu, na Jumamosi huwa halivai. Akaushika mkono wa shati kwa vidole, akapafuta, kuanzia chini kwenda juu. Akampisha mshona viatu. Akaja Mwalimu, akaja seremala, wakaja wengine, na mimi nikawa wa mwisho. Maji yalikuwa machache, hayakututosha watu tisa, mimi nilifuta pakavu. Nilifuta hivyohivyo.

Kisha tukaenda kukaza lile benchi la nyuma, limelegea tena. Kazi zipo, kwa hiyo usiache kutuma mashati.

Dada yako,
Mkunga